Mlima Haulindi Shamba: Diplomasia ya Moshoeshoe na Kunusurika kwa Lesotho

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kunusurika kwa Lesotho huanza na kuishia kwenye milima. Ni kweli kwamba Moshoeshoe, mfalme wa Wasotho, alihamia mlima wa Thaba Bosiu mwaka 1824, na kwamba ngome hiyo haikutekwa kamwe: Wandebele wa Mzilikazi waliishambulia mwaka 1831 wakashindwa, na kamanda wa Makaburu, Louw Wepener, aliuawa akijaribu kuipanda mwaka 1865. Lakini vita hivyo vya 1865 vinaonyesha pia ukomo wa hoja ya milima. Waliposhindwa kupanda, Makaburu wa Orange Free State walichoma mazao bondeni na kuswaga ng'ombe, na mwaka 1866 mfalme akalazimika kutia saini mkataba uliomnyang'anya sehemu kubwa ya ardhi ya kilimo. Mlima ulimlinda mfalme. Haukulinda shamba la mtama. Makala hii inadai kwamba kilichoiokoa Lesotho ni diplomasia, nayo ilisimama juu ya kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza ni kumwachia adui njia ya kuondoka bila fedheha. Wandebele walipokuwa wakirudi nyuma, Moshoeshoe aliwapelekea ng'ombe wa kula njiani. Desemba 1852 Jenerali Cathcart wa Uingereza, baada ya kudai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 na kupata ng'ombe wapatao 3,500 tu, alivamia na kukumbana na upinzani mkali katika uwanda wa juu wa Berea. Usiku huohuo mfalme alimwandikia akiomba amani, kana kwamba yeye ndiye aliyeadhibiwa vya kutosha. Cathcart aliipokea barua hiyo na kuondoa jeshi. Aliyekuwa na nguvu ya kujigamba alichagua kunyamaza, kwa kuwa himaya iliyoaibishwa hurudi na jeshi kubwa zaidi.

Kanuni ya pili ni kumpima bwana kwa umbali wake. Kaburu alitaka ardhi ili aishi juu yake. Malkia wa Uingereza alikuwa ng'ambo ya bahari. Tangu mwaka 1833 Moshoeshoe aliwatumia wamisionari wa Kifaransa, hasa Eugène Casalis, kama makatibu na washauri wake katika mawasiliano na wazungu. Mwaka 1862 aliwaeleza wajumbe wa Uingereza kwamba yuko tayari kuwa chini ya Malkia, ila awatawale watu wake kwa sheria zao. Machi 12, 1868, Gavana Wodehouse wa Koloni la Rasi alitangaza kuwa Wasotho ni raia wa Uingereza, na vita vikakoma.

Pingamizi zito ni kwamba huku kulikuwa kujitia kitanzi: mkataba wa Aliwal North wa mwaka 1869 uliacha ardhi yenye rutuba ng'ambo ya mto Caledon mikononi mwa Makaburu, na mwaka 1871, mwaka mmoja baada ya mfalme kufariki, Lesotho ilikabidhiwa Koloni la Rasi bila wenyewe kuulizwa. Hasara hiyo ni ya kweli na haifai kupunguzwa. Hata hivyo, Wasotho hawakuuchukulia ulinzi wa Uingereza kuwa utumwa. Koloni la Rasi lilipotaka kuwanyang'anya bunduki, walipigana mwaka 1880 na 1881 hadi likashindwa kuwatawala, na mwaka 1884 Uingereza ikawarudisha chini yake moja kwa moja. Tendo hilo ndilo lililoamua yaliyofuata. Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, Lesotho ilikuwa nje yake. Sheria ya Muungano iliacha mlango wa kuiingiza baadaye, lakini machifu waliupinga mpango huo na haukutekelezwa.

Kwa hiyo sera hii tuipime kwa kile ambacho njia nyingine zingeleta. Ardhi iliyobaki chini ya Makaburu iliishia ndani ya taifa la ubaguzi wa rangi. Iliyobaki chini ya Malkia ilipata uhuru Oktoba 4, 1966, ikiwa na mfalme wa ukoo wa Moshoeshoe. Taifa dogo haliwezi kuchagua majirani, lakini Moshoeshoe alithibitisha kwamba linaweza kuchagua nani wa kumwinamia, kwa masharti gani, na lini kuinuka tena.