Kilo Moja Kabla ya Moto



Lugha yetu ina neno moja kwa mtu anayekula na kwa mtu anayenunua: mlaji. Leo tunazungumza nanyi kwa maana zote mbili. Mazungumzo yetu yanahusu nyama choma, na yanaanzia Magomeni, Dar es Salaam, katika mtaa wa nyumba za Kiswahili zenye baraza mbele na ua nyuma.

Katika chumba cha mbele cha mojawapo ya nyumba hizo palikuwa pamefunguliwa mgahawa mdogo: meza nne, kabati la kioo lenye nyama mbichi, mizani, na jiko la mkaa uani. Tuliutembelea ukiwa katika wiki yake ya pili. Kabla hatujajitambulisha, tulikuta mzozo.

Mzee mmoja aliyefuatana na wajukuu wake wawili alikuwa amenunua kilo 1 ya nyama ya ng'ombe. Aliiona ikipimwa. Sahani ilipoletwa, aliinyanyua kwa mkono mmoja, akasema, "Mwanangu, hii si kilo. Mmenipunja." Mama mwenye mgahawa akamjibu kwa heshima, "Baba, nyama ni yako ile ile. Moto ndio uliokula." Majirani waliokuwa barazani wakaanza kusogea. Tunajua sote kwamba mtaani jina la wizi likishatamkwa halifutiki upesi. Mzee naye alikuwa ametoa fedha ambayo kwake haikuwa ndogo.

Tulimwamkia mzee, tukajitambulisha, tukaomba kilo nyingine ipimwe mbele ya wote. Kwanza tuliikagua mizani. Ilikuwa na stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo ya mwaka ule. Ikiwa tupu ilisoma sifuri, na tulipoiwekea jiwe la kilo 1 tulilokuja nalo, ilisoma kilo 1 kamili. Nyama ikapimwa, ikachomwa tukiitazama. Iliposhuka jikoni, ilikuwa gramu 690.

Sababu yake si uchawi wala hila. Takriban robo tatu ya uzito wa mnofu mbichi ni maji. Ukipata moto, nyuzi zake hujikaza na kuyakamua maji hayo, na mafuta huyeyuka yakadondokea mkaani. Kwa kawaida nyama hupoteza robo hadi theluthi ya uzito wake, na hupoteza zaidi ikikaushwa sana. Mfupa haupungui kiasi hicho. Kwa hiyo kilo yenye mifupa mingi humwachia mlaji minofu michache zaidi.

Je, mama alisema kweli? Kuhusu kilo ile ya pili, ndiyo. Kuhusu kilo ya mzee, hatuwezi kuapa. Jikoni nyama za wateja watatu zilikuwa zimelala pamoja bila alama, na wakati sisi tukipima, wajukuu walikuwa wamekwisha kula nusu ya sahani. Kipande kikihama kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine, iwe kwa makusudi au kwa haraka, hakuna mizani itakayokirudisha. Bei iliyoandikwa ukutani nayo ilisema "kilo" tu, bila kueleza kama ni ya nyama mbichi au iliyoiva. Hapo ndipo palipokuwa na kosa, nasi tulimweleza mama bila kificho.

Basi, mwingiapo katika mgahawa wa namna hii, zingatieni haya.

Kwanza, ulizeni kama bei ni ya nyama mbichi au iliyoiva.

Pili, simameni mbele ya mizani. Hakikisheni ina stika ya uhakiki na inasoma sifuri kabla nyama haijawekwa.

Tatu, chagueni kipande wenyewe, na semeni mapema kiasi cha mfupa mnachokubali. Ulizeni nyama imetoka machinjio gani na kama imekaguliwa.

Nne, ombeni nyama yenu itiwe alama kabla haijaingia jikoni. Kijiti chenye namba chatosha.

Tano, angalieni kisu na ubao. Vilivyokata nyama mbichi visikate iliyoiva wala kachumbari kabla ya kuoshwa vizuri.

Sita, daini risiti. Bila risiti, lalamiko lenu hubaki neno lenu dhidi ya neno la muuzaji.

Mkiona mmepunjwa, msianze kula wala msianze kutuhumu. Ombeni nyama ipimwe palepale. Kilo 1 ikirudi chini ya nusu kilo, mna haki ya kutaka maelezo. Msiporidhika, malalamiko ya vipimo pelekeni Wakala wa Vipimo, na ya usafi wa chakula pelekeni kwa afisa afya wa eneo lenu.

Mzee hakurudishiwa kitu siku ile, wala hakudai. Alipokuwa akinawa mikono aliomba jambo moja tu: kwamba akija tena, nyama yake itiwe alama. Mama alikubali. Kabla hatujaondoka alichukua chaki, akaongeza neno moja chini ya bei ukutani: "mbichi".