Picha Iko, Sauti Haiko

Kijana wa Katuba, na wewe wa Kamalondo, sikiliza kidogo. Umeunganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI, mechi ya mchezo wako wa kompyuta imeanza, wachezaji wanakimbia, lakini kimya! Weka bisibisi chini. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kompyuta inapeleka sauti kwingine, pengine kwenye ile spika ya Bluetooth uliyoiacha chumbani.

Funga mchezo kwanza. Kwenye Windows, tazama chini kulia, kwenye alama ndogo ya spika. Ibonyeze, fungua orodha ya vifaa, chagua televisheni. Kisha fungua mchezo upya. Narudia: funga mchezo, chagua televisheni, fungua upya.

Bado kimya? Chomoa waya wa HDMI, urudishe mpaka uingie wote. Na rimoti ya kuongezea sauti ya televisheni, jamani, nani ameikalia?