Ngojangoja Huumiza Matumbo
Maongezi na vikundi vya kujisaidia, Kamukuywa



Tuulizane: chama chetu hutoa pesa za upasuaji lini? Tuseme ukweli. Ni usiku, mgonjwa akiwa tayari analia. Mzee amekaa na ngiri, hii tunayoita henia, miaka mitano. Akiambiwa aende hospitali anasema, "Wacha tuvune mahindi kwanza." Mahindi yanavunwa, inakuja karo, halafu mbolea. Siku moja uvimbe unakuwa mgumu, haurudi ndani, na anatapika. Ndipo tunakimbia kutafuta gari la kwenda Kimilili, Webuye ama Kitale.

Tofauti ni hii. Ngiri ikibana utumbo, damu haipiti. Utumbo unaoza, unatoboka, na uchafu unamwagika tumboni. Daktari anapasua mahali ambapo vijidudu vimeshaingia. Hata akiosha vizuri, usaha unaweza kurudi na kidonda kikafunguka. Lakini upasuaji uliopangwa hukuta utumbo ukiwa mzima. Mgonjwa amepimwa damu na sukari, tumbo ni tupu, ameoga kwa sabuni, na kama dawa ya kuzuia vijidudu inahitajika, anapewa kabla ya kukatwa.

Hatusemi upasuaji wa dharura ni mbaya. Huo huokoa maisha. Kidole tumbo hakipigi hodi, na homa ya matumbo inaweza kutoboa utumbo. Hapo ni kukimbia hospitali mara moja. Tusikande tumbo, wala tusimpe mgonjwa dawa ya kuharisha.

Hata uliopangwa unataka uangalizi. Mwaka 2018 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 12,539 waliopasuliwa tumbo katika nchi 66. Katika nchi zenye maendeleo ya chini, karibu 23 kwa kila 100 walipata maambukizi ya kidonda. Katika nchi zilizoendelea ni kama 9.

Basi tufanye nini?

1. Kila kikundi kiulize: nani kwetu ana ngiri? Aende apimwe sasa, apangiwe siku. Mzunguko mmoja wa chama uwe wake.

2. Kila mtu ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, na alipe mchango wake. Usingoje kuugua.

3. Kabla ya upasuaji, oga kwa sabuni. Usijinyoe kwa wembe nyumbani. Wembe huchubua ngozi na vijidudu hupata mlango.

4. Ukirudi nyumbani, chunga kidonda siku 30. Ukiona usaha, joto mwilini, tumbo kuvimba au maumivu yanayozidi, rudi hospitali. Usipake majani wala kinyesi cha ng'ombe.

5. Tuchemshe maji ya mto na tutumie choo, ili homa ya matumbo isitupate.

Ndugu zetu, tumezoea kuchanga kwa haraka mtu akishazidiwa. Tuchange mapema, angali anatembea kwa miguu yake. Wazee walishasema: ngojangoja huumiza matumbo.