Kupogoa Mibuni Baada ya Mavuno: Lini, na kwa Kiasi Gani



Katika vilima vya Mbinga, kipupwe na mavuno ya kahawa huishia karibu wakati mmoja. Buni ya mwisho ikishaanikwa, mibuni hubaki imechoka: matawi yameinama, majani yamepukutika, maotea yamelizonga shina. Hapo ndipo mkulima huchukua mkasi, ama huuacha ukutani mwaka mwingine.

Wakati ufaao ni mara baada ya kumaliza kuchuma, kabla ya mvua. Vitumba vya maua hujiunda wakati wa ukame, kisha hulala. Mvua ikinyesha, huchanua baada ya siku chache. Anayengoja mpaka hapo huyakata mavuno yake mwenyewe.

Kuhusu kiasi, ifahamike kwamba mbuni huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyoota msimu uliotangulia. Tawi refu lililo tupu, lenye majani nchani tu, limekwisha kazi yake. Liondolewe, pamoja na yaliyokauka, yanayoelekea ndani na yanayogusa ardhi. Mwanga na hewa vikifika katikati ya mti, majani hukauka upesi baada ya mvua, na kutu ya majani na chulebuni hupungua. Wengi huona huruma kukata tawi bichi. Huruma hiyo hulipwa kwa buni ndogondogo.

Mti uliozeeka hukatwa kisiki: sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame, kisha huachiwa maotea mawili au matatu yenye nguvu. Lakini mti huo hukaa takriban miaka miwili bila mavuno ya maana. Nyumba inayosomesha watoto kwa kahawa haiwezi kukata shamba zima kwa mkupuo. Ni heri kukata safu chache kila mwaka. Au, penye mashina matatu, likatwe moja, na mengine yaendelee kuzaa na kuilisha mizizi.

Msumeno uwe mkali, kwani panga hupasua shina. Ukitoka kwenye mti unaonyauka upitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine, maana ugonjwa husafiri kwa vyuma. Asiye na hakika amwite afisa ugani wa kata auone mti ungali umesimama.