Si Breki Zilizokataa, Ni Kiatu

Mazungumzo kwa madereva, wanafunzi wa udereva na wakazi wa Amalemba, mjini Kakamega

Sisi wa Kakamega tunajua mvua ya alasiri haiombi ruhusa, kwa hivyo nitaingia katika jambo lenyewe kabla haijatutawanya.

Mimi navaa kiatu namba 12. Nikiuliza namba hiyo sokoni, muuzaji hucheka kwanza, kisha hunionyesha gambuti. Mnacheka pia, sawa. Lakini kiatu hicho kilitaka kuua mtu, na kwa miaka mingi sikusema ukweli wake.

Nilikuwa nimeajiriwa kuendesha pikapu. Siku hiyo nilibeba mbolea kutoka mjini kuelekea Lubao, mvua imenyesha, na nilikuwa na gambuti kwa sababu nilijua nitashuka kwenye matope kupakua. Mbele yangu kulikuwa na trekta lililovuta miwa. Likapunguza mwendo. Nikaondoa mguu kwenye mafuta nishike breki, na mguu haukufika. Ncha ya gambuti ilikuwa imeingia chini ya pedali ya breki. Nikavuta, ukakwama. Nikavuta tena. Kufikia hapo nyuma ya trekta ilikuwa imejaa kioo chote, nikakata usukani kushoto, nikatua mtaroni. Pale nilipotua, mama mmoja muuza ndizi alikuwa ameinuka dakika chache tu kabla, amekwenda kujikinga mvua. Beseni lake nililipita juu.

Watu walipofika niliwaambia breki zimekataa. Mwenye gari nikamwambia hivyo hivyo. Fundi akazipima, zikawa nzima kabisa. Aliniangalia miguu, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Ndiyo maana leo, nikisikia dereva akisema breki zilikataa, huwa nauliza swali ambalo watu huona ni la ajabu: ulikuwa umevaa nini?

Sasa, kwa nini pedali zimesongamana? Si ubahili wa waliotengeneza gari. Breki huwekwa karibu na mafuta ili mguu wa kulia uhame haraka. Mjini, ambako mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, gari huenda karibu mita 14 kila sekunde. Nusu sekunde ya kutafuta breki ni mita saba, yaani upana wa barabara nyingi za hapa. Kwa hivyo ukaribu huo una faida. Shida ni kwamba breki huwa juu kidogo kuliko mafuta, na mguu mrefu ukitoka kwenye mafuta bila kuinuliwa, ncha yake hupita chini ya breki badala ya kupanda juu yake. Mguu mpana nao una hatari yake: unakanyaga breki, na ukingo wa kiatu unakanyaga mafuta kwa wakati mmoja.

Katika magari madogo tunayoletewa kutoka Japani, nafasi ya miguu yenyewe ni finyu. Usukani uko kulia, kwa hivyo tairi la mbele la kulia linaingia upande mmoja, na upande wa pili kuna ule mwinuko wa katikati penye gia. Pedali zote tatu zinabanwa hapo. Gari moja litakutosha kama lilipimwa kwako, na jingine la umri ule ule halitakutosha. Usimwamini mtu anayekuambia magari yote ni mamoja.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji pesa. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia katika niutro, washa injini. Vaa kiatu kile unachoendeshea kila siku, si kile cha kanisani. Sasa kanyaga breki kwa nguvu na kwa ghafla, kama mtoto ameingia barabarani. Sikiliza. Injini ikinguruma, kiatu chako kimegusa mafuta. Kisha zima injini, fungua mlango, mwambie mwenzako achungulie unapohamisha mguu kutoka mafuta kwenda breki, mara kumi hivi. Wewe mwenyewe huwezi kuona, na ukiinama kuona, mguu unabadilika.

Ukigundua unagusa, anza na kiti. Madereva warefu wengi hukaa karibu mno kwa sababu nyuma kuna abiria au mzigo. Kaa mgongo ukigusa kiti, kanyaga klachi mpaka mwisho. Goti la kushoto libaki limepinda kidogo tu. Kisigino cha kulia kikae sakafuni mkabala na breki, si mkabala na mafuta. Kutoka hapo vidole vinageuka kulia kufikia mafuta, na vikirudi vinakutana na breki. Kisigino kikisogea mbele sana, ncha ya kiatu itagonga chini ya dashibodi au itashika ukingo wa breki. Kirudishe nyuma. Na kama mguu wako ni kama wangu, kugeuza vidole peke yake hakutoshi: inua mguu mzima, uvute nyuma kidogo, uuweke juu ya breki. Usiuburute kando. Nilijifunza hivyo nikiwa mtu mzima, gari limezimwa, na ilinichukua karibu wiki mbili mguu uache tabia ya zamani.

Breki nayo ikanyage kuelekea upande wake wa kushoto, ila usifike klachi. Mguu wa kushoto ukikosa pa kupumzika, ulaze sakafuni nyuma ya klachi. Kuuacha juu ya klachi safari nzima kunakula sahani ya klachi, na bei yake mnaijua.

Nije kwenye viatu, maana hapo ndipo sisi wa huku tuna kesi yetu wenyewe. Gambuti ni nene, ni pana kuliko mguu, na ikiwa na matope inateleza. Buti za kazi zenye chuma mbele hazikuachii uhisi pedali. Akala soli yake hutokeza pembeni, kwa hivyo mtu wa namba 9 anakuwa na upana wa namba 11. Patipati huchomoka na kukunjikana chini ya breki. Kuendesha bila viatu watu wengi hupenda, lakini mguu uliolowa huteleza, na kanyagio la dharura huumiza unyayo mpaka mtu analegeza. Kinachofaa ni raba nyembamba, soli isiyotokeza, kamba zimefungwa na ncha zake zimeingizwa ndani. Hata ya mtumba. Mwenye kazi ya shamba abebe gambuti yake, abadilishe akifika. Ila gambuti hiyo, na chupa ya maji, visikae miguuni kwa dereva. Viweke nyuma.

Akina mama wenye visigino virefu, maneno ni yale yale. Na nyinyi wa boda boda msicheke: breki yenu ya nyuma iko mguu wa kulia, na gambuti ikinasa chini yake mtakumbuka mkutano huu.

Kapeti pia. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego kule Marekani, gari aina ya Lexus lilikataa kupunguza mwendo, na watu wanne wakafa. Aliyekuwa akiendesha alikuwa askari wa barabara kuu, si mwanafunzi. Gari lilikuwa limewekewa kapeti ya modeli nyingine, nayo ikanasa pedali ya mafuta. Baada ya hapo Toyota iliagiza zaidi ya magari milioni 3 yashughulikiwe. Sasa tazama magari yetu: kapeti imekatwa kwa kukadiria, haina vishikizo, na juu yake kuna nyingine ya plastiki ya kuzuia matope. Kwa mwenye mguu mkubwa, kila tabaka linainua kisigino na kupunguza nafasi iliyokuwa ndogo tangu mwanzo. Acha moja, na uhakikishe haisogei ukiisukuma kwa mguu.

Kuna wanaokwenda kwa fundi wa jua kali wakaombe pedali ya breki ikatwe au ipindwe. Nawaheshimu mafundi wetu, lakini mkono huo wa chuma ndio unaobeba nguvu yako yote siku ya dharura. Ukichomelewa vibaya, utavunjika siku hiyo hiyo. Msiguse. Kinachoruhusiwa kwa fundi ni kubadilisha raba ya pedali iliyolika na kurekebisha breki inayozama chini sana, kwa sababu breki ikizama hukaribia usawa wa mafuta na kiatu hugusa vyote viwili.

Kama gari halikutoshi baada ya yote hayo, halikutoshi. Anayenunua akalijaribu kwanza na kiatu chake. Mwenye uwezo anaweza kuchukua la otomatiki, lina pedali mbili na breki pana. Ila tumia mguu wa kulia peke yake. Ugumu uko kwa aliyeajiriwa. Unapewa funguo asubuhi, ukisema gari hili linabana miguu, unaonekana mvivu, na nje kuna vijana watano wanaotaka kazi hiyo. Nawaomba wenye magari mlioko hapa: dereva akiwaambia jambo hili, msimcheke. Mpeni gari jingine, au mpeni siku mbili za kuzoea bila abiria. Walimu wa udereva vilevile. Kijana mrefu anayezima gari mara tano si mjinga. Angalieni miguu yake kwanza.

Na ikitokea mguu au pedali imekwama ukiwa mwendoni? Kanyaga klachi, au toa gia uweke niutro, hata katika otomatiki. Injini italia sana, iache ilie. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipige-pige, maana mafuta yakiwa wazi, msaada wa breki huisha kwa kupiga-piga. Kama mguu haufiki breki, vuta breki ya mkono polepole huku umeshika usukani sawasawa. Usizime gari likiwa linakwenda, kwa sababu usukani utakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga kabisa. Lizime likishasimama.

Yule mama wa ndizi nilimrudia baadaye nikamlipa beseni na ndizi. Nilimwambia ni breki. Sikumrudia tena kumwambia ni kiatu, na leo sijui anauza wapi.

Nje hapo kuna gari dogo na pikapu, zote zimevutwa breki ya mkono. Wenye namba 10 kwenda juu watangulie. Njooni na viatu mlivyokuja navyo, hata kama vina matope.