Mashavu ya Mtoto Hayatoshi: Pimeni Kimo, Kiuno na Damu
(Mazungumzo kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii, Wadi ya Misikhu)



Hapa Misikhu, mtoto mwenye mashavu ya kujaa husifiwa. Watu husema kwao kuna chakula. Sifa hiyo ina sababu, kwa kuwa adui aliyezoeleka ni njaa, na bado hajaondoka. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 18 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini Kenya wamedumaa, na 3 kati ya 100 wana uzito uliozidi. Lakini utafiti huo huo ulikuta wanawake 45 kati ya 100, wa miaka 20 hadi 49, wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Unene huo haukuja kwa siku moja. Mara nyingi Kijitabu cha Mama na Mtoto kikishawekwa sandukuni, mtoto hapimwi tena mpaka augue.

Macho hudanganya, vipimo havidanganyi. Chukueni mtoto wa miaka 10 mwenye kilo 45 na kimo cha mita 1.35. Gawanya uzito kwa kimo, kisha gawanya tena kwa kimo: jibu ni 24.7. Mtu mzima mwenye 24.7 huambiwa yuko sawa. Kwa mtoto wa umri huo, awe mvulana au msichana, chati ya Shirika la Afya Duniani inasema huo ni unene wa kupindukia. Ndiyo maana mtoto husomwa kwa chati ya umri na jinsia yake, si kwa kipimo cha mzazi.

Kipimo cha pili kinahitaji tepu ya fundi cherehani tu. Kiuno cha mtoto kisifikie nusu ya kimo chake. Huyo wa sentimita 135, kiuno kikifika 68, mafuta yamekusanyika tumboni, na hayo ndiyo yenye madhara zaidi.

Kipimo cha tatu ni cha damu. Watoto wenye unene wa kupindukia mara nyingi hupatikana na mafuta aina ya trigliseridi yakiwa juu, na kolesteroli nzuri ikiwa chini. Kolesteroli yote ya mtoto inafaa kuwa chini ya 4.4, ikifika 5.2 iko juu. Mafuta hayo hayaumi wala hayaleti homa. Huanza kuganda kwenye kuta za mishipa ya damu taratibu, na mwenyewe huja kujua akiwa mtu mzima, moyo ukishachoka. Daktari ndiye huamua ni mtoto gani apimwe damu, hasa kama katika ukoo kuna kisukari au ugonjwa wa moyo.

Dawa ya kwanza iko nyumbani. Soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, sawa na vijiko vidogo 12. Maji hayana hata kimoja. Mandazi na chipsi za kando ya barabara ya Kitale zisiwe chakula cha kila siku, ilhali saga, murenda, kunde na omena ziko sokoni. Mtoto anahitaji dakika 60 za kucheza na kukimbia kila siku. Shule iliyo karibu asipelekwe kwa bodaboda.

Mtoto asinyimwe chakula, wala asiitwe majina. Anayekua hahitaji kukondeshwa haraka. Mara nyingi inatosha uzito usimame huku kimo kikiongezeka. Na nyumba nzima ibadilike, kwani mtoto hula kinachopikwa.

Likizo ijayo, kila mzazi ampeleke mtoto wake kituo cha afya kilicho karibu apimwe uzito na kimo, hata kama haugui.