Vyombo vya Kupimia Visitupwe



Mwaka 1890 waya wa simu wa chini ya bahari uliunganisha Mombasa na Unguja. Waya wa namna hiyo ukikatika, fundi hupima umeme akiwa ufukoni akajua umbali wa palipokatika. Kazi hiyo yataka chombo cha kuaminika.

Karakana zikihama, vyombo hutupwa pamoja na vitabu vyake. Mita ya AVO Model 8 haiundwi tena tangu 2008, lakini ikiharibika hutengenezeka. Tuitoeni betri: ikivuja hula shaba, na hewa yetu ya chumvi humalizia. Chipu za programu zenye kidirisha cha kioo tuzifunike, maana jua hufuta yaliyomo. Tena tuyanakili mapema. Na kitabu je? Bila mchoro fundi hubahatisha, kisha hulaumiwa yeye.

Twawataka waajiri wasitupe chombo wala kitabu kabla wajumbe wetu hawajakikagua.